Vitabu vya mwaka huu, kutoka Ihumwa hadi Ukerewe

Ukiniuliza mwaka huu nimesoma nini, nitakujibu kwanza kwamba sikusoma kwa mpango. Mtumishi wa umma anayeishi Dodoma husoma kile kinachofika mikononi mwake: kitabu alichoagiza Dar es Salaam kikaletwa na basi, kitabu alichoazimwa na mwenzake wa ofisini, kitabu cha shule ambacho mtoto amekiacha sebuleni, na vitabu vya kale ambavyo haki zake zimekwisha muda, anavyovipakua bure kwenye simu na kuvisoma ndani ya basi la watumishi akielekea Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Nilijiwekea sharti moja tu, kwamba kitabu kinachofuata kisifanane na kile nilichokimaliza, na sharti hilo ndilo lililonitoa kwenye upelelezi likaniingiza kwenye historia, likanitoa kwenye historia likaniingiza kwenye ushairi, hadi mwaka ukawa unakaribia ukingoni. Nilichokuwa sikukitarajia ni kwamba vitabu vilivyokusanyika kwa namna hiyo vingeanza kujibizana vyenyewe kwa vyenyewe, tena kuhusu mahali ninapoishi.

Aliyeanzisha mazungumzo hayo ni Mathias Mnyampala. Watu wa rika langu tunamfahamu kwa ngonjera, kwa kuwa yeye ndiye aliyeupa utanzu huo nguvu iliouingiza mashuleni na kwenye sherehe za taifa, na vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA (Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, wakati yeye mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1969. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, na kwamba mwaka 1954, kabla jina lake halijavuma katika ushairi, alichapisha kitabu kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Ihumwa ni mahali ninapopapita kila asubuhi, baada ya Nzuguni na kabla ya Mji wa Serikali, na kwa miaka yote niliyokaa hapa nilikuwa nikiuona upande ule kama sehemu ya viwanja vinavyopanda bei.

Nakala niliyoisoma ni ya fotokopi, niliyoazimwa na mwenzangu wa ofisini ambaye ni mzaliwa wa Chamwino. Aliyeitoa kopi alikiweka kitabu upande, kwa hiyo ukingo wa kushoto wa kurasa nyingi umekatwa na herufi ya kwanza ya kila mstari haipo. Msomaji analazimika kuikisia: “abila” ni kabila, “ama” inaweza kuwa mama, tena inaweza kuwa jama, na baada ya kurasa chache macho huzoea yakaanza kujaza yenyewe. Mnyampala, aliyewahi kuwa karani na hakimu, anaandika kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kusikiliza mashahidi. Anaeleza kwamba Wagogo si watu wa chimbuko moja, bali koo zilizofika kutoka pande mbalimbali, Uhehe ikiwa mojawapo, zikakutana katika nchi hii kavu zikawa kabila. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeletwa Dodoma na wizara yangu serikali ilipohamia huku, na maelezo hayo yalinifurahisha kwa namna ya binafsi kabisa: mji huu unaosemwa kuwa umejaa wahamiaji ulijengwa juu ya ardhi ya watu ambao nao, kwa maneno ya mwana wao mwenyewe, walikuja.

Kwa kufuata sharti langu, kitabu kilichofuata kilipaswa kuwa kinyume cha hicho, nikakipakua kile cha Henry Morton Stanley cha mwaka 1872 kuhusu safari ya kumtafuta Livingstone. Ni kitabu kinachochosha. Stanley anajisifu, anawatukana wapagazi, na kila mtu mweusi anayemzuia njiani kwake ni kero iliyowekwa duniani kumchelewesha yeye. Hata hivyo nilikisoma sehemu ya Ugogo polepole, kwa sababu alipita huku mwaka 1871, akavuka ule uwanda usio na maji ulioitwa Marenga Mkali baada ya Mpwapwa, akaingia Mvumi, na kuanzia hapo malalamiko yake yanakuwa ya aina moja: hongo. Kila mtemi alidai nguo kabla ya kuuruhusu msafara upite, na Stanley analipa, ananung'unika, kisha analipa tena kwa mtemi anayefuata. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kwenye miaka ya 1857 na 1858, alikwisha kulalamikia jambo lilelile.

Ukikisoma peke yake, kitabu hicho kinakuachia picha ya watu wasumbufu. Ukikisoma baada ya Mnyampala, kinakuwa ushahidi ambao shahidi hakukusudia kuutoa. Msafara wa mamia ya watu uliotoka Marenga Mkali ulikuwa umechoka na una kiu, na waliokuwa na visima, nafaka na ng'ombe ni Wagogo, nao walijua thamani ya walichokuwa nacho. Hongo ilikuwa ushuru wa njia, unaodaiwa na wenye nchi waliokuwa na nguvu za kuudai. Stanley mwenyewe hakukaidi, na mtu wa tabia yake angekaidi kama angeweza.

Hapo ndipo nilipoanza kusumbuliwa na mzaha mmoja wa zamani. Kila aliyekulia pwani ameusikia mzaha wa Mgogo na kuomba, na wapo wanaourudia hadi leo wakila mishikaki katika mji huuhuu. Nchi iliyotoza ushuru misafara ya Stanley iligeukaje kuwa nchi ya mzaha huo ndani ya vizazi viwili au vitatu? Jibu, au sehemu kubwa ya jibu, nililikuta katika makala ya mwanahistoria Gregory Maddox, ambaye pia ndiye aliyekitafsiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza. Makala hiyo ya mwaka 1990 inahusu njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua huku nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua ilipokosekana, watu hawakuwa na akiba ya ghalani wala mifugo ya kubadilisha na chakula. Maddox anakadiria kwamba walikufa watu 30,000 kati ya 150,000 waliokuwa wakiishi katika eneo hilo. Mtu mmoja katika kila watano.

Nikarudi kwenye fotokopi nikautazama tena mwaka wa kuzaliwa wa Mnyampala. Mwaka 1917. Mwandishi aliyekusanya mila na koo za watu wake alizaliwa njaa hiyo ikianza, na waliomlea ni watu walionusurika nayo. Sijui msomaji mwingine angefanya nini na jambo kama hilo. Mimi nilikiweka kitabu pembeni kwa siku kadhaa nikasoma riwaya ya upelelezi.

Riwaya yenyewe ilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anafikiri huku akivuta kiko na watu wote wanaomzunguka wanababaika. Nimeisoma mara nyingi tangu ujana na bado hunipa raha ileile. Nilifuatisha kitabu kimoja cha mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba, nikakimaliza usiku mmoja, na sina la kukisemea zaidi ya kwamba wanaoidharau riwaya pendwa kwa kawaida hawajajaribu kuiandika.

Kongwa nilifika kwa njia ya kitabu kabla ya kufika kwa gari. Kwa muuza vitabu vilivyotumika anayepanga bidhaa zake chini nilikuta kitabu chenye jalada lililochubuka cha Alan Wood, kilichochapishwa mwaka 1950, kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza. Habari za mradi huo tunazisikia kama kichekesho cha historia, lakini kuzisoma kwa mtu aliyekuwa ndani yake, kwa kuwa Wood alikuwa mkuu wa kitengo cha habari cha shirika lililouendesha, ni jambo jingine kabisa. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaamua kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika, sehemu kubwa Tanganyika, na mahali pa kuanzia pakawa Kongwa. Vifaru vya vita vilifanyiwa marekebisho vikawa matrekta. Mibuyu ikagoma kung'oka, mizizi ya vichaka ikavunja majembe, na udongo ambao ulionekana mzuri ulipolowana ukawa mgumu kama saruji ulipokauka, hata karanga zenyewe zikawa hazichimbiki. Mwaka wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Mradi ulipositishwa Januari 1951, ulikuwa umemeza pauni milioni 36 hivi.

Kinachonivuta katika kitabu hicho ni kwamba Wood alikiandika mradi ukiwa bado hai, kwa hiyo hajui mwisho ambao sisi tunaujua, na unamwona katika kurasa zake akijaribu kuwa mkweli huku akitumaini kwamba mambo yatanyooka. Ni mwandishi mwenye huruma na ucheshi. Lakini Wagogo katika kitabu chake ni vibarua na watazamaji, na mvua ya nchi hii, ambayo kwa wastani haizidi sana milimita 550 kwa mwaka na huja kwa kupendelea, ni jambo linalogunduliwa na wataalamu baada ya fedha kutoka. Watu waliokuwa wakipanda mtama na uwele kwa sababu walijua karanga na mahindi vingewaangusha katika mwaka mbaya walikuwa hapohapo, umbali wa kuitana. Na njaa ya Mtunya ilikuwa na umri wa miaka 30 tu. Kila mtu mzima pale Kongwa alikuwa ameiishi au amezaliwa na walioiishi.

Kati ya riwaya zote za mwaka huu, Peponi ya Abdulrazak Gurnah ndiyo iliyokaa nami kwa muda mrefu zaidi. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1994, na baada ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, Ida Hadjivayanis aliileta kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anakabidhiwa kwa tajiri Aziz kama malipo ya deni la baba yake, naye hajui. Anaambiwa tu kwamba anakwenda kukaa na mjomba. Baadaye anachukuliwa katika msafara wa biashara kwenda bara, chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, na kurasa za safari hiyo nilizisoma kwa macho ya mtu aliyetoka kwa Stanley moja kwa moja. Hongo imo. Uchovu umo. Ila sasa wasafiri ni watu wetu wa pwani, wenye kanzu, udi na maneno ya adabu, na ndio wanaowaita watu wa bara washenzi. Gurnah hawatetei wala hawapigi vijembe. Anawaacha wazungumze, na mzaha niliousikia utotoni Tanga nikausikia humo ukiwa na umri wa zaidi ya miaka mia. Chatu, mtawala wa bara anayewanyang'anya mali yao, anawaeleza kwamba anawalipiza kwa mfanyabiashara mwenzao aliyemdhulumu kabla, na kwa msomaji wa pwani, anayejipenda kidogo, ule ni ukurasa mchungu.

Naupenda utulivu wa kitabu hicho kuliko kitabu chochote kilichoandikwa kwa hasira kuhusu wakati uleule. Wajerumani wanaonekana kwa nadra, kwa mbali, kama hali ya hewa mbaya inayokuja, na ukishajua kilichoikuta Ugogo mwaka 1917, kuonekana kwao kwa mbali kunatosha.

Shaaban Robert nilimsoma kwa sababu za kijirani. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini anasimulia utumishi wake serikalini, na katikati ya miaka ya 1940 utumishi huo ulimtoa pwani ukamleta Mpwapwa, kwenye idara ya mifugo. Mpwapwa hadi leo ni mji wa utafiti wa mifugo. Mtu wa Tanga, karani, amehamishiwa huku kwa barua ya ofisi: nadhani mtumishi yeyote aliyepokea barua ya namna hiyo atazisoma kurasa zile kwa kicheko cha ndani. Shaaban Robert ana heshima nyingi mno kwa wakubwa wake wa kazi kiasi cha kunikera, lakini hakuna anayeandika sentensi kama yeye, na nimezoea kumsoma kwa sauti nyumbani, jioni, mradi umeme upo na watoto hawajawasha televisheni.

Binti yangu yuko kidato cha sita, na likizo ya Juni alirudi na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ikiwa imechorwachorwa kalamu ya kijani kila ukurasa: dhamira, ujumbe, nafasi ya mwanamke. Shule zetu husomesha riwaya kama daktari anavyosomeshwa mwili kwa kuupasua, na Yasmin, msichana aliyeozwa kwa Raza ambaye umri wake ni wa baba, akawa jibu la swali la alama kumi. Riwaya yenyewe haijauawa na mitihani. Niliisoma ndani ya siku tatu za mwisho wa juma refu, na zile sehemu za Mwajuma, rafiki wa mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, anayempokea Yasmin bila kumhukumu, ni miongoni mwa mambo ya kiungwana kabisa katika fasihi yetu.

Kwa kumjibu nikampa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku mashuleni. Mimi niliisoma nikiwa kijana, wakati swali tulilofundishwa kuliuliza lilikuwa Rosa alikosea wapi. Safari hii, nikiwa baba wa msichana anayesoma bweni, niliisoma kama riwaya ya Zakaria, yule baba wa Ukerewe anayekunywa, anayepiga, na anayedhani kwamba barua ya kijana kwa binti yake ni janga lililo kubwa kuliko ulevi wake mwenyewe. Ukali wake haumlindi Rosa hata siku moja. Unamnyima tu ujuzi wa kuzungumza na mwanaume yeyote. Binti yangu aliimaliza kwa siku mbili akaja jikoni.

“Baba, huyu mzee angekuwa na simu za siku hizi, angekuwa anakagua meseji usiku kucha.”

Mama yake alicheka sana. Mimi nilicheka kwa kiasi.

Kezilahabi huyohuyo ndiye aliyenipa tabu mbili za mwaka huu. Ya kwanza ni Nagona, riwaya fupi ya mwaka 1990 ambayo nimeianza na kuiacha, na nitaendelea kuianza. Ya pili ni tabu yenye faida: diwani yake Kichomi ya mwaka 1974, ambayo niliisoma sambamba na Diwani ya Mnyampala ya mwaka 1963 na kile kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 kinachoweka sheria za kutunga mashairi. Ugomvi wa wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, na wanausasa, wanaoviacha, tumeufundishwa kama mechi, na kila mtu anatakiwa awe na timu. Nilipozisoma pamoja, niliona kwamba Mnyampala anapobanwa na vina huwa hafifu, na anapokuwa na jambo la kusema vina humsaidia kulisema kwa namna isiyosahaulika. Na Kezilahabi asiyefungwa na vina, mashairi yake mazuri yana mapigo ambayo sikio lililolelewa na utenzi linayatambua mara moja. Shairi baya la guni, lisilofuata vina na mizani, na shairi baya la arudhi, linalovifuata, yanachosha kwa kiwango kilekile. Huo ndio uamuzi wangu, na wanaotaka kuendelea na mechi waendelee.

Fotokopi ya Mnyampala sasa haiko kwangu. Niliiazimisha, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa mzee jirani yetu, Mgogo wa upande wa Mvumi, ambaye kwa miaka tuliishia kwenye salamu ya Kigogo, “Mbukwenyi”, na habari za mvua. Tangu aichukue, mazungumzo yetu yamekuwa marefu. Amenunua miwani mipya, anasoma kurasa mbili tatu kila baada ya sala zake za jioni kanisani, na amenipa taarifa kwamba mahali pengi Mnyampala yuko sahihi, lakini kuhusu koo za upande wao alisikiliza watu wa Ihumwa zaidi ya alivyosikiliza watu wa Mvumi. Nilimwambia aandike pembeni kwa penseli. Akasema pembeni hapatoshi, na juzi amemtuma mjukuu wake Majengo akanunue kaunta buku la kwaya mbili.